Gurudumu Likibadilishwa, Gari Zima Hubadilika

Kutoka Mjini Unguja hadi kijiji cha Chwaka, kilicho kwenye pwani ya mashariki ya kisiwa, ni mwendo wa kilomita 32 hivi. Barabara huanzia mjini, ikapita Mwera, ikafika Dunga penye magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, kisha ikaiacha ardhi ya udongo mzito yenye minazi na mikarafuu na kuingia katika uwanda, yaani ile nchi ya mawe ya matumbawe na vichaka vifupi inayoendelea hadi ukingoni mwa ghuba. Umbali huo haurefuki wala haufupiki. Hata hivyo, magari mawili ya aina moja, yaliyotoka katika kiwanda kimoja mwaka mmoja, yanaweza kuondoka mjini pamoja na kufika Chwaka pamoja, mita ya la kwanza ikaandika kilomita 32 na mita ya la pili ikaandika 30. Hakuna mkono wa mtu ulioichezea mita hiyo ya pili, wala haijaharibika. Kilichobadilishwa ni matairi tu.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo. Tairi likiisha, hutafutwa jingine. Na kama lililopatikana sokoni ni kubwa kidogo kuliko la awali, na likaingia bila kugusa madigadi, basi kazi imekwisha na gari hurudi njiani. Ukweli ni kwamba gurudumu ni kiungo cha mwisho katika msururu unaoanzia kwenye injini na kuishia kwenye lami. Hesabu zote zilizofanywa na mhandisi aliyelibuni gari, za gia, za breki, za usukani na za springi, zilifanywa kwa kuchukulia kwamba gurudumu lina ukubwa fulani. Ukibadilika ukubwa huo, hesabu hizo zote hubadilika kwa pamoja, na dereva hapewi taarifa.

Kwanza yafaa msomaji ajue namna ya kulisoma tairi. Ubavuni mwa tairi la gari dogo huandikwa, kwa mfano, 175/70 R13. Namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 si kipimo cha urefu bali ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi, kutoka kwenye rimu hadi sehemu inayokanyaga, ni asilimia 70 ya upana wake. Herufi R huonyesha kwamba tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani zimetandazwa moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha zikazungukwa na mkanda, ambao kwa kawaida huwa wa chuma. Namba 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ni mchanganyiko wa ajabu kidogo, milimita na asilimia na inchi katika mstari mmoja, lakini ndivyo historia ilivyoupanga. Tairi la upepo lilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1845 kwa jina la Mskoti Robert William Thomson. Likasahauliwa, likavumbuliwa upya mwaka 1888 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast. Na kampuni ya Michelin ya Ufaransa ikapata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946. Kila zama ziliacha vipimo vyake ubavuni mwa tairi.

Kutokana na namba hizo kipenyo cha gurudumu hupatikana kwa urahisi. Rimu ya inchi 13 ni milimita 330.2. Ubavu mmoja ni 0.70 mara 175, yaani milimita 122.5, na kwa kuwa kuna ubavu juu na ubavu chini, jumla ni milimita 245. Kipenyo chote ni milimita 575 na kidogo. Sasa ichukuliwe kwamba mwenye gari amepata rimu za inchi 14 pamoja na matairi ya 185/70 R14. Hesabu ile ile hutoa kipenyo cha milimita 614.6. Tofauti ni chini ya sentimita 4, na kwa jicho ni vigumu kuitambua gari likiwa limeegeshwa. Kwa uwiano, hata hivyo, ni karibu asilimia 7.

Mzingo wa gurudumu la kwanza ni mita 1.807, na wa la pili ni mita 1.931. Gurudumu dogo litazunguka mara 17,700 hivi kutoka mjini hadi Chwaka. Kubwa litazunguka mara 16,570 hivi. Hapo ndipo siri ya zile kilomita 30 inapofichuka. Mita ya gari haiioni barabara. Katika magari ya zamani waya unaozunguka hutoka kwenye gia boksi hadi nyuma ya mita. Katika magari ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na kifaa cha umeme kinachohesabu mizunguko. Kwa namna zote mbili kinachohesabiwa ni mizunguko, na mita imefundishwa kiwandani kwamba mizunguko kadhaa ni kilomita moja. Mizunguko ikipungua, mita huamini kwamba safari imepungua.

Kama madhara yangeishia kwenye mita, mwenye gari angepoteza kitu kidogo tu: angebadilisha oili baada ya kilomita 5,340 akidhani ni 5,000, na angelalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta. Gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita moja litaonekana kwenda kilomita 11 na robo hivi, ijapokuwa matumizi ya mafuta hayajabadilika. Injini nyingi zisizo na kosa zimefunguliwa kwa sababu ya hesabu ya aina hii.

Jambo lenye uzito ni mwendo. Mshale wa kipimamwendo hutegemea mizunguko ile ile. Mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari lenye matairi makubwa linakwenda kwa kilomita 85 na nusu. Inafaa ielezwe kwamba vipimamwendo vingi hutengenezwa vikizidisha kidogo kwa makusudi, ili dereva asije akadanganywa upande wa hatari, na kwa hiyo sehemu ya kosa hili huweza kufidiwa. Lakini dereva hupima usalama wake kwa mazoea, wala si kwa sheria za kiwanda. Amezoea kwamba mshale ukiwa pale, gari husimama hapa. Uwiano kati ya mwendo wake wa zamani na wa sasa ni ule ule, 1 kwa 1.07 kasoro kidogo, hata kama mshale ulikuwa ukizidisha tangu mwanzo.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanajua kwamba nishati mwendo hutegemea mraba wa kasi. Mraba wa 1.0685 ni 1.142. Kwa maneno mengine, nyongeza ya asilimia 7 katika mwendo, ambayo dereva haioni, huzaa nyongeza ya asilimia 14 katika nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza. Na breki zenyewe zimedhoofika. Breki hulikamata gurudumu karibu na kitovu chake, kwenye diski au kwenye ngoma, na barabara hulikamata kwenye ukingo wake. Gurudumu hapo ni wenzo. Ukingo ukisogezwa mbali zaidi na kitovu, msokoto ule ule wa breki huzalisha kani ndogo zaidi pale tairi linapogusana na lami. Nusukipenyo kikiongezeka kwa asilimia 7 hivi, kani ya kusimamisha hupungua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mguu uliokanyaga pedali kwa nguvu ile ile.

Hesabu hizi mbili zikiunganishwa, matokeo yake hayachekeshi. Ichukuliwe lami kavu na gari linaloweza kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kwa kila sekunde. Ichukuliwe pia kwamba dereva hutumia sekunde 1 tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki. Gari lenye matairi ya asili, likiwa katika kilomita 80 kwa saa, litakwenda mita 22 kabla ya breki kushika na mita 41 baada ya hapo. Jumla mita 63. Gari la pili, dereva wake akiwa anauona mshale pale pale penye 80 na akikanyaga breki kwa nguvu ile ile, litakwenda mita 24 kabla na mita 50 baadaye. Jumla mita 74. Mita 11 ni urefu wa magari madogo mawili na zaidi. Lakini tofauti inayostahili kuandikwa ubaoni ni hii: mahali ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama kabisa, gari la pili bado linapita kwa mwendo wa kilomita 39 kwa saa. Katika barabara inayotumiwa kwa pamoja na magari ya abiria, baiskeli, gari za ng'ombe na watoto watokao skuli, mwendo huo unatosha kuua.

Dereva stadi atajibu kwamba yeye ataongeza nguvu ya mguu. Ni kweli, ataweza, kwani upeo wa breki ni msuguano kati ya mpira na lami, wala si pedali. Ila ataiongeza baada ya kugundua kwamba gari halisimami, na ugunduzi huo nao hutumia muda.

Upande wa injini mambo ni hayo hayo, yakitazamwa kutoka nyuma. Injini husokota shafti, gia huuzidisha msokoto, na difu huuzidisha tena. Kwa mfano, injini inayotoa msokoto wa nyutonimita 100, ikiwa katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5 na difu yenye uwiano wa 4, hufikisha kwenye ekseli nyutonimita 1,400, ukiacha kinachopotea njiani kwa msuguano. Kwa gurudumu dogo, msokoto huo huzaa kani ya nyutoni 4,870 hivi inayolisukuma gari mbele. Kwa kubwa, nyutoni 4,560. Ni sawa na kwamba mtu ameiondoa difu ya 4 na kuweka ya 3.74. Gari litakuwa zito kuondoka, klachi itateseka zaidi, na kwenye mpando dereva atarudi gia ya chini mapema. Unguja haina milima ya kutisha, kwa hiyo udhaifu huu huvumilika hapa kuliko Lushoto au Mbeya; lakini gari lililojaza abiria, makapu ya samaki na magunia juu ya paa halihitaji mlima ili lielemewe.

Pamoja na hayo yote, wanaopenda gurudumu kubwa si wajinga, na katika uwanda wana hoja ya kweli. Nje ya lami, njia za Chwaka na vijiji jirani hupita juu ya jiwe la matumbawe lenye ngazi na mashimo. Gurudumu likikutana na ngazi ya jiwe, hulazimika kuupanda ukingo wake kwa kujizungusha juu yake kama wenzo juu ya egemeo. Mwanafunzi akichora duara likiwa limegusa ngazi, kisha akachukua momenti za kani kuzunguka ukingo wa jiwe, ataona kwamba kani ya mlalo inayohitajika kwenye ekseli hutegemea uwiano kati ya kimo cha jiwe na nusukipenyo cha gurudumu. Kwa jiwe la sentimita 10, gurudumu la nusukipenyo cha sentimita 28.8 lahitaji kani inayozidi uzito lililoubeba, yaani mara 1.16 ya uzito huo. Gurudumu la sentimita 30.7 lahitaji mara 1.09. Gurudumu la gari la kukokotwa, likiwa na nusukipenyo cha nusu mita, lingehitaji robo tatu tu ya uzito. Hesabu hii huchukulia kwamba gurudumu ni gumu. Tairi la upepo hunyumbuka na kulimeza jiwe kidogo, hivyo kwa hakika kani huwa ndogo zaidi. Mpangilio wa matokeo, hata hivyo, haubadiliki, na ndiyo sababu mafundi wa magari ya kukokotwa katika nchi nyingi za dunia walipenda magurudumu makubwa muda mrefu kabla ya injini kuwako. Gari za ng'ombe na za punda za Unguja, ambazo siku hizi hutembea juu ya magurudumu yaliyotolewa katika motokaa chakavu, zimepata ulaini wa mpira wa upepo na kupoteza ukubwa wa gurudumu. Kwa kazi ya kubeba matofali na mchanga, pengine biashara hiyo ilikuwa na faida.

Mchanga ni habari nyingine. Kando ya Chwaka, kuelekea Marumbi na Uroa, lipo eneo kubwa la mchanga laini, na wenye magari hudhani kwamba dawa yake ni tairi pana. Hapa kanuni ya kanieneo inafaa ikumbukwe. Gari la kilo 1,200 lenye magurudumu manne hubebesha kila gurudumu kilo 300 hivi, sawa na nyutoni 2,940. Kama upepo ndani ya tairi una kanieneo ya kilopaskali 200, ambazo kwa vipimo vya gereji ni paundi 29, basi eneo la mpira linaloigusa ardhi ni karibu sentimita za mraba 147. Hilo ni eneo la kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Gari zima, pamoja na waliomo, limeshikiliwa barabarani na viganja vinne.

Ajabu ya hesabu hii ni kwamba upana wa tairi haumo ndani yake. Tairi pana lenye upepo ule ule hugusa ardhi kwa eneo lile lile, au karibu yake. Kinachobadilika ni umbo, ambalo huwa pana na fupi badala ya jembamba na refu. Anayetaka eneo kubwa zaidi juu ya mchanga hana budi kupunguza upepo. Ukishushwa hadi kilopaskali 100, eneo huelekea kuongezeka maradufu, ingawa ugumu wa ubavu wa tairi huipunguza kidogo faida hiyo. Madereva wa jangwani wa Omani na nchi za Ghuba wanalijua hili kama wanavyojua majina ya watoto wao. Wanajua pia sharti lake: kabla ya kurudi kwenye lami, upepo urudishwe. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, kila mkunjo hugeuza nishati kuwa joto, na kwa mwendo wa barabarani joto hilo huzitenganisha nyuzi na mpira.

Wakati wa masika tairi pana huwa na ila. Maji juu ya lami hayana budi kusukumwa pembeni kabla mpira haujaigusa barabara, na njia ya maji kutoka katikati ya tairi pana ni ndefu zaidi. Mikato ya tairi, ambayo mafundi huiita kashata, ipo kwa ajili ya kazi hiyo. Tairi pana lililokwisha kuwa kipara ni ubao wa kuteleza.

Kuna njia ya kuongeza rimu bila kuongeza kipenyo, na vijana wapendao magari wanaifahamu. Badala ya 175/70 R13 huwekwa 185/60 R14, ambayo kipenyo chake ni milimita 577.6, au 195/50 R15, ambayo ni milimita 576. Mita itasema kweli, breki na difu hazitaona tofauti ya maana. Kwa lami nzuri mpango huu ni wa akili, kwani ubavu mfupi haupindi sana kwenye kona na usukani hujibu upesi. Lakini ubavu wa tairi ndio springi ya kwanza ya gari. Ule wa 175/70 una kimo cha milimita 122. Ule wa 195/50 hauzidi milimita 98. Gari likiingia katika shimo, hizo milimita 24 zilizoondolewa ndizo zilizokuwa zikiizuia rimu isigonge jiwe. Mahali penye matumbawe, mapambo haya hulipwa kwa rimu zilizopinda, na baadaye kwa shokapu na beringi.

Rimu zenyewe zina hila moja isiyoandikwa ubavuni mwa tairi. Mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana katika mahali ambapo bamba la nati limewekwa. Likiwa limewekwa ndani zaidi, gurudumu hutokeza nje ya mwili wa gari. Wengine hufikia hali hiyo kwa kuweka kipande cha chuma kati ya habu na rimu. Gurudumu lililobeba nyutoni 3,000 likisogezwa nje kwa milimita 40 hupakia kwenye beringi momenti ya ziada ya nyutonimita 120, mchana na usiku. Usukani huwa mzito, na gurudumu moja likigonga jiwe huuvuta usukani upande mmoja kwa nguvu ambayo mhandisi hakuikusudia.

Husemwa mara nyingi kwamba matairi makubwa hupindua gari kwa kuuinua uzito wake. Kanuni ni sahihi, lakini kipimo chake kitazamwe. Katika mfano ulioanza nao, kitovu cha graviti huinuka kwa nusu ya tofauti ya vipenyo, yaani sentimita 2. Magunia manne juu ya paa huinua kitovu hicho kwa kiasi kikubwa zaidi. Tairi huchangia kupindua gari kwenye kona kwa njia nyingine: kona huingiwa kwa mwendo ambao mshale haukuuonyesha, na kani inayohitajika kuligeuza gari nayo hutegemea mraba wa mwendo.

Malori madogo yenye bodi ya mbao, ambayo kwa miaka mingi yamebeba watu na mizigo kati ya mjini na vijiji vya Unguja, yanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa baadhi yake huvaa matairi mawilimawili nyuma. Mawili hayo yamefungwa katika habu moja na lazima yazunguke pamoja. Ikiwa moja ni jipya na la pili ni kipara, vipenyo vyao vyaweza kutofautiana kwa milimita 20, hata kama yote mawili yameandikwa 7.00-16. Mizingo yao basi hutofautiana kwa milimita 63. Gurudumu la ukubwa huo huzunguka mara 410 hivi katika kilomita moja, na kwa hiyo, kwa hesabu ya karatasi, mpira mmoja hulazimika kukwaruzwa mita 26 katika kila kilomita, na zaidi ya mita 800 hadi kufika Chwaka. Kunyumbuka kwa mpira hupunguza kiasi hicho, lakini joto lake hubaki. Isitoshe, tairi kubwa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo, na jenzake hupanda gari kama abiria. Fundi mwaminifu hukataa kuoanisha jozi ya namna hiyo. Kwa gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne tofauti kama hii kati ya mbele na nyuma huitesa gia boksi mpaka ikavunjika, na katika magari mapya huvuruga vifaa vya breki vinavyolinganisha mizunguko ya gurudumu na gurudumu.

Baada ya vipimo, ubavu wa tairi huwa na namba nyingine na herufi, kwa mfano 82T. Wanunuzi wengi hawaitazami. Namba 82 si kilo 82. Ni faharasa inayomaanisha kwamba tairi moja huruhusiwa kubeba hadi kilo 475. Namba 88 humaanisha kilo 560. Herufi T ni kikomo cha mwendo, kilomita 190 kwa saa, na si jambo la kumshughulisha mtu wa Unguja. Mzigo ndio wa kumshughulisha. Abiria 20 wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 1,200 kabla ya kupakia kapu moja la samaki, na tairi la motokaa ndogo lililoingia katika rimu ya gari la mizigo kwa kuwa kipenyo kimelingana halipati nguvu kwa kubadilisha kazi. Zipo pia tarakimu nne ndani ya umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama muuzaji amelipaka rangi nyeusi inayong'aa. Zamani matairi mengi ya nchi hii yalitoka katika kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi mengi hutoka ng'ambo, mapya na yaliyotumika, na kusoma ubavu ni kinga ya kwanza ya mnunuzi.

Kwa darasa la fizikia, vipimo vyote hivi vyaweza kufanywa bila maabara. Wakati wa maji kutoka, ghuba ya Chwaka huacha uwanja mpana wa mchanga ulioshikamana, bora kuliko meza yoyote. Baiskeli ya inchi 28 ifungwe uzi mzito mahali pamoja juu ya tairi na kusukumwa katika mstari ulionyooka. Uzi utaacha alama kila mzunguko, na alama 10 zikipimwa kwa utepe na kugawanywa zitatoa mzingo wa mita 2 na robo hivi. Kisha wanafunzi wapime kimo cha ekseli kutoka ardhini mtu akiwa ameketi juu ya baiskeli, wakizidishe kwa 2 na kwa pai, na kulinganisha. Jibu la pili litakuwa dogo kidogo kuliko la kwanza.

Jaribio hilo hilo lirudiwe kwa motokaa yenye matairi ya radiali, kwanza upepo ukiwa kamili, kisha ukiwa nusu. Ekseli itashuka kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Umbali kati ya alama na alama, kinyume cha matarajio ya wengi, utapungua kidogo sana, kwa kuwa mkanda wa chuma unaolizunguka tairi haufupiki tairi linapobonyea chini. Urefu wake wote hauna budi kupita juu ya ardhi katika kila mzunguko. Mwalimu awaache wanafunzi wabishane juu ya tofauti hiyo kabla ya kuwaeleza, huku maji yakiwa bado mbali.